Kikohozi cha Mama Mkwe

Watu wa mjini tunadhani mtu hupotea porini kwa sababu haijui njia. Mimi nilipotea nikiwa na mtu anayeijua njia vizuri kabisa, hatua kumi nyuma yangu, na hakuniambia neno. Nikisimulia hivyo pale Songea wenzangu hucheka, halafu huuliza kwa nini hakusema. Jibu ni fupi. Alikuwa mama mkwe wangu.

Ilikuwa Julai, mwaka 1995. Kabla ya hapo nilikuwa karani wa chama cha ushirika, napokea tumbaku ya wakulima. Wakaja wanunuzi binafsi na malori yao, chama kikayumba, makarani tukapunguzwa. Nikafungua kibanda cha spea za baiskeli mtaa wa Lizaboni, na sina cha kulalamika. Mwezi ule mke wangu Jane alikuwa amejifungua mtoto wa tatu, wa kike, nami nikapaswa kupeleka habari kwa wazazi wake, kijiji kilicho mbele kidogo ya Lusewa, pale ambapo lori hushusha watu na kugeuza. Nilibeba sukari, sabuni na dira.

Hiyo dira nilitoka nayo JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, nikiwa kijana, baada ya kuibadilisha na mwenzangu kwa jozi ya viatu. Sikuachana nayo tena. Jane husema naitazama hata nikienda kununua chumvi. Anatia chumvi yeye, lakini si sana.

Nilipofika nyumbani kwa wakwe niliukuta mgongo wa mama mkwe. Nasema mgongo kwa sababu aliponiona aligeuka, kama ilivyo desturi. Kwa Wangoni wengi wa mjini siku hizi mkwe na mkwe hupeana mikono kanisani na mambo yakaisha. Yeye hapana. Miaka tisa tangu nimwoe binti yake hakuwahi kunitazama usoni, kunisemesha wala kulitaja jina langu, na mimi la kwake sitalitaja hata hapa, mwulizeni Jane. Akitaka kuniambia jambo humwambia mtu wa tatu, nami nikiwa nimesimama palepale, na huyo wa tatu hunirudia maneno ambayo nimekwisha kuyasikia. Tukikutana njiani, naingia kwenye nyasi na kugeuza uso mpaka apite. Si chuki, ni heshima. Lakini nilikuwa na udadisi wa miaka tisa: mama huyu ananionaje mimi?

Jioni ile mtu wa tatu alikuwa jirani yao, Skolastika.

"Mwambie mkwe," mama mkwe akamwambia, huku akiyatazama mafiga, "baba Jane alikwenda kulina asali. Alisema siku mbili. Leo ni ya nne."

"Mkwe, baba Jane alikwenda kulina..."

"Nimesikia," nikasema, na palepale nikajua nimekosa adabu. Skolastika alinikazia macho, akaanza upya, akamaliza sentensi yote.

Nikaona aibu, kisha nikaona hofu. Baba mkwe, mzee Polikarp, alikuwa na miaka sitini na ushee, mrefu, mtani, na ndiye aliyenitetea kwa ndugu wa Jane waliposema karani mfupi wa mjini hatamtunza binti yao. Alikuwa na mizinga upande wa mtoni na mingine vilimani, mbali, kwenye pori ambalo tembo bado walilipita. Kumtafuta kulitaka wanaume, na kijiji hakikuwa na wanaume. Walikuwa wameondoka wote kwenda Tunduru kuchimba mawe ya vito, baada ya jirani mmoja kurudi na redio na baiskeli mbili. Walibaki wazee, watoto na wanawake.

Usiku huohuo Skolastika aligawa kazi. Yeye na kina mama wawili wangekwenda upande wa mtoni. Vilimani ni mama mkwe tu aliyekujua, na kama mzee ameumia angehitajika mtu mwenye mabega ya kumbeba. Mtu huyo ni mimi. Hakukuwa na mtu wa tatu wa kwenda nasi.

"Mkwe anatangulia, mama anafuata," Skolastika akaamua alfajiri, wakati baridi inatutetemesha. "Hatua kumi. Mkwe asimwangalie mama mgongoni. Mungu awatangulie."

Hapo ndipo upumbavu ulipoanza, na hakuna aliyeuona, kwa kuwa kila mtu aliona adabu imetimia. Asiyejua njia alitangulia. Anayeijua alifuata.

Nilitoka kwa majivuno, naona niseme ukweli. Niliambiwa vilima viko mashariki, nami nilikuwa na dira. Panga mkono wa kulia, dira wa kushoto, nikichoka nabadilisha. Pori la miombo wakati wa Julai lina uzuri wake: majani mengine yameanza kuwa ya shaba, nyasi ndefu zimekauka na kulala, na mahali pengine moto umepita ukaacha ardhi nyeusi. Lakini ni pori la mti uleule na mti uleule. Ukifumba macho na kuyafumbua, huwezi kusema umetembea au umesimama.

Kwenye mti mmoja wa msuku ulioanguka, kijinjia kiligawanyika. Dira ilisema kushoto. Nikashika kushoto. Nyuma yangu mama mkwe akakohoa.

Nikatembea. Kwenye mchanga mweupe wa kijito kikavu nikakata tena kushoto. Akakohoa mara mbili, kwa nguvu. Nikamwonea huruma. Asubuhi ya Julai, umande, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, atakosaje mafua? Nilikuwa na pipi kifua mfukoni. Nikaweka tatu juu ya jiwe, nikasogea mbele, nikageuza uso kwa adabu ili azichukue. Nilisikia hatua zake zikifika kwenye jiwe na kusimama hapo kwa muda mrefu kidogo. Kisha akakohoa tena, kikohozi kirefu ambacho mwishowe kilikuwa kama mtu anayesaga meno.

"Pole, mama," nikasema kuelekea mbele, kwenye miti.

Jua lilipofika utosini nilikuta alama za viatu kwenye jivu. Soli ya tairi, imekatika kisigino cha kulia. Nikainua mguu wangu nikatazama soli. Tulikuwa tumezunguka.

Nikaiweka dira juu ya jiwe ili niisome vizuri, na panga nikalilaza kando yake. Mshale ukaondoka kaskazini ukaelekea kwenye panga. Nikalivuta panga upande wa pili, mshale ukalifuata. Nikafanya hivyo mara tatu, maana kwanza ilinivutia, kisha ikaniumiza. JKT walitufundisha siku ya kwanza kwamba dira na chuma havikai pamoja. Asubuhi nzima nilikuwa nafuata panga langu mwenyewe, na mzee Polikarp alikuwa mahali fulani anasubiri.

Nyuma yangu nilisikia mama mkwe akiketi na kutua kikapu chake. Kisha akaanza kuzungumza, taratibu, nami nikasimama wima mpaka nilipoelewa kwamba hazungumzi na mimi.

"Kikapu," akasema, "tangu asubuhi nimekohoa mpaka kifua kinauma. Pale kwenye msuku ulioanguka njia ilikuwa kulia. Nikakohoa. Kwenye mchanga mweupe ilikuwa kulia tena. Nikakohoa mara mbili. Nikaletewa pipi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye aliona kuzungumza na kikapu mbele ya mkwe ni sawa na nusu ya kuzungumza na mkwe mwenyewe, ndiyo maana alijizuia asubuhi yote. Sasa nusu hiyo alikuwa ameamua kuitoa.

"Mizinga ya baba Jane haifuati jua," akaendelea. "Inafuata maji. Kijito kinakaa mkono wa kushoto mpaka unakutana na mwamba. Kila mti wenye mzinga, na miti ya katikati yake, amechonga msalaba kwenye gome. Anachonga juu, kwa sababu yeye ni mrefu. Mtu mfupi akitafuta usawa wa macho yake hataona kitu. Atazame juu. Na asipoiona alama ya pili, asiendelee kwa kubahatisha. Arudi kwenye ya kwanza, asimame hapo, aanze upya. Kikapu, umesikia?"

"Kimesikia, mama," nikasema.

Hakucheka, lakini nilisikia akivuta pumzi puani.

Turudi vipi, hilo ndilo lililokuwa likinisumbua. Kumbe alikuwa ameshalifanyia kazi. Njia yote tuliyopita alikuwa akivunja vijiti na kuviacha vinaning'inia, na kufunga mafundo kwenye nyasi, kila hatua ishirini thelathini. Mimi naongoza kwa kifua mbele, yeye nyuma anaandaa namna ya kuturudisha. Kwa kufuata vijiti vyake tulirudi kwenye msuku ulioanguka kabla saa moja haijaisha.

Hapo alikiambia kikapu mpango mpya. Yeye angetangulia, mbali, mkwe asimwone mgongo. Angevunja matawi, ncha ikielekea anakokwenda. Mkwe ahesabu mpaka mia mbili, kisha afuate. Nikaingia kwenye nyasi, nikageuza uso, akapita. Nikahesabu.

Sijawahi kutembea kwa raha kama nusu saa ile, Mungu anisamehe, maana mzee alikuwa taabani. Nilikuwa kama mtoto aliyeanza kusoma. Tawi hili, ncha kule. Kijito kushoto, nakisikia. Nikatazama juu, na kweli, msalaba kwenye gome la mtondoro, umeota kovu, wa miaka mingi. Mbele mwingine. Nilikuwa nimepita kwenye pori hilihili nikiona miti tu, na sasa kila upande kulikuwa na neno la mtu. Nilijiuliza ni mangapi mengine nimepita juu yake maishani bila kuyasoma.

Kisha nikafika mahali ambapo matawi yote yalikuwa yamevunjika.

Nasema yote. Vijiti, matawi, miti mizima imeinamishwa na kuchanwa magome. Katikati kulikuwa na marundo ya kinyesi, na nilipokaribia moja niliona linatoa mvuke. Tembo walikuwa wamepita hapo muda mfupi uliopita, na walikuwa wameandika juu ya maandishi ya mama mkwe. Ncha zilielekea kila upande. Nilijaribu hatua kumi kulia, nikaona tawi, nikasema ndilo. Nikaona jingine, nikasema hapana, ndilo hili. Mahali fulani upande wa kijito kitu kizito kilipiga maji.

Nikakumbuka kikapu. Nikarudi nyuma mpaka kwenye msalaba wa mwisho niliokuwa na hakika nao, nikaegemea mti, nikasimama. Kusimama ndiko kulikonishinda zaidi. Miguu ilitaka kwenda, popote. Kuita sikuweza. Ningeita nani? Mkwe hapaaziwi sauti. Tena kuna tembo. Nilikaa hivyo, panga limeanguka miguuni, nikiwaza kwamba mama yule huenda yuko mbele ya tembo au chini yao, na mume wake hajapatikana, na mimi ndiye nitakayempelekea Jane habari.

"Remmy."

Kwanza sikuelewa. Nilitazama nyuma nione nani anaitwa.

"Remmy. Huku. Acha kijito, pita juu penye mawe. Remmy, wako majini, wanakunywa, hawana shida nawe. Pita juu. Remmy."

Hakupiga kelele. Alikuwa akiita kwa sauti moja, anaacha kimya, anaita tena, ili sauti iwe kamba nami niifuate. Nilihesabu baadaye kichwani: mara kumi na nne. Nilipanda kwenye mawe huku nalia, wala sioni haya kulisema. Miaka tisa nilidhani mama huyu labda halijui hata jina langu.

Nilipomfikia alikuwa amepiga magoti, mgongo kwangu, na mbele yake alikuwa amelala mzee Polikarp.

Alikuwa hai. Kamba ya gome aliyopandia mti ilikatika siku ya pili, akaanguka na mzinga wake, mguu wa kushoto ukavunjika chini ya goti. Alijifunga mwenyewe kwa vijiti na gome. Maji ya kibuyu yalikwisha jana yake, akabaki na asali tele na kiu, na asali ilizidisha kiu. Midomo ilikuwa imepasuka. Mwili ulichoma kwa homa. Mama mkwe alikuwa akimdondoshea maji mdomoni kwa kona ya khanga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe," akanong'ona. Akamtazama mkewe. "Nimesikia mtu anaita jina hapa."

Mama mkwe aliendelea kukamua khanga.

Nilikata miti miwili myembamba, tukabandua magome tukasokota kamba, tukaweka khanga mbili juu, ikawa machela. Njia aliijua yeye, kwa hiyo safari hii hakukuwa na ujanja: yeye mbele, mimi nyuma, na mgongo wake wote machoni pangu. Kichwa cha mzee tulikiweka upande wangu, ili mguu usitikiswe na hatua zangu zilizokosa mpangilio. Tukainua. Sikujua mwanamke yule ana nguvu kiasi kile.

Hatujafika mbali, akasema, "Baba Jane, mwambie mkwe mbele kuna mawe, ashushe mguu polepole."

Mzee alilamba midomo. "Mkwe. Mbele kuna mawe. Ushushe mguu polepole."

Nilikasirika kidogo, kusema kweli. Niko hapa, nasikia. Saa moja iliyopita umelitaja jina langu mara kumi na nne mbele ya tembo, sasa unamchosha mgonjwa kunirudishia habari za mawe? Nikajisemea, haya, desturi imerudi kazini, na nikashusha mguu polepole.

"Baba Jane, mwambie mkwe tunakata kulia."

"Mkwe, tunakata kulia."

Ikawa hivyo kwa saa nzima. Mzee alijibu kila mara, mara nyingine kwa utani. "Mkwe, anasema kuna tope. Tangu lini anajali viatu vya watu?" Kisha utani ukapungua. Kisha majibu yakawa neno moja. Nilikuwa nikimwona uso, yeye mama mkwe hawezi, na niliona macho yanazunguka juu na kufunga.

"Baba Jane, mwambie mkwe mbele kuna gogo."

Kimya.

"Nimeliona gogo, mama," nikasema waziwazi, kwa kuwa nilitaka tufike.

Alisimama. Hakuvuka gogo, hakugeuka. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama. "Baba Jane," akasema tena. "Mwambie mkwe mbele kuna gogo."

Mzee alifumbua jicho moja. "Mkwe," akasema. "Gogo."

Ndipo akavuka. Nami nikaelewa, na nikajiona mjinga kwa mara ya ngapi sijui siku ile. Hakuwa analinda desturi. Alikuwa amempa mumewe kazi ambayo hakuna mwingine wa kuifanya, ili asipate nafasi ya kwenda zake.

"Baba," nikasema, "mwambie mama gogo nimelivuka."

Mzee akavuta pumzi. "Mama Jane. Gogo amelivuka."

Basi tukampa kazi kutoka pande mbili. Mwambie mkwe, kuna mteremko. Mwambie mama, mtoto ana nywele nyingi. Mwambie mkwe, anaulizwa kama Jane ananyonyesha vizuri. Mwambie mama, vizuri sana, na kwamba jina la mtoto tunamsubiri babu alitoe. Hilo lilimfanya afumbue macho yote mawili, akafikiri mwendo wa kilima kizima, kisha akasema, "Mwambieni Jane, Noela." Akasahau kwamba yeye ndiye mwenye kazi ya kuambia.

Jua lilizama tukiwa kwenye mashamba ya mihogo. Moshi wa majiko ulikuwa umelala chini juu ya nyumba, na niliona mtu amesimama uani kwa mama mkwe, nadhani Skolastika, amekinga mkono usoni anatutazama. Mabega yangu yalikuwa hayana hisia tena. Mzee alikuwa hajasema neno tangu kwenye mfereji wa mwisho. Mdomo ulikuwa wazi.

Mama mkwe alisimama mpakani mwa shamba.

"Baba Jane," akasema, "mwambie mkwe tumefika."

Nilimtazama mzee usoni.

"Baba Jane. Mwambie mkwe tumefika."

Skolastika alianza kukimbia kuja kwetu, kisha akaona namna tulivyosimama, akapunguza, akasimama naye. Mama mkwe hakutua machela. Mara ya tatu sauti ilimkatika katikati.

"Baba Jane, mwambie mkwe..."

Kope za mzee zilicheza. Midomo ilifungana, ikatafuta neno, ikalikosa, ikatafuta tena.

"Mkwe," akasema. "Anasema tumefika."

"Mwambie nimesikia, baba," nikasema.

Akageuza kichwa taratibu upande wa mkewe, akamwambia.